Filta za hewa katika majengo yenye cheti cha LEED: kinachodaiwa, na kinachokwamisha

Mkandarasi anayejenga jengo linalowania cheti cha LEED (cheti cha Marekani cha majengo ya kijani, yaani rafiki kwa mazingira) hukutana na sharti la filta za hewa katika mstari mmoja tu wa nyaraka: kila mfumo unaoingiza hewa ya nje katika vyumba vinavyokaliwa na watu uwe na filta ya daraja la MERV 13 au zaidi (MERV ni kipimo cha Marekani cha uwezo wa filta kunasa chembe za hewani). Ukiusoma haraka, utadhani ni agizo la kwenda kununua kitu dukani. Ndiyo maana mara nyingi huachwa hadi mwisho, mashine zikiwa zimeshaagizwa, dakti zimeshafungwa na dari limeshapigwa bodi. Hapo ndipo inapogundulika kwamba feni iliyochaguliwa haina nguvu ya kusukuma hewa ipite kwenye filta hiyo, au kwamba sanduku la mashine halina hata nafasi ya kuiweka.

Daraja lililochapishwa pembeni mwa filta ni matokeo ya maabara. Ili hewa inayofika mezani kwa mfanyakazi iwe safi kiasi hicho, feni, fremu, gasketi, mahali pa kuvutia hewa na ratiba ya kubadilisha filta lazima vyote vikubaliane nayo. Kimoja kikilegea, cheti kitabaki ukutani na vumbi litaendelea kupita.

Cheti kipi kinadai nini

Tuanze kwa kutenganisha vyeti, kwa sababu jina la jengo la kijani hubeba mambo mengi yasiyofanana. EDGE, cheti cha IFC (Shirika la Fedha la Kimataifa) iliyo chini ya Kundi la Benki ya Dunia, kinaangalia matumizi ya nishati, maji na kaboni iliyomo ndani ya vifaa vya ujenzi, na kiwango chake cha chini ni kuokoa asilimia 20 katika kila kimoja. Hakidai daraja lolote la filta. Kwa hiyo jengo la Nairobi, Kigali au Dar es Salaam linaweza kuwa na cheti halali cha EDGE huku mashine zake za hewa zikiwa na wavu wa plastiki tu. Mpangaji anayejali mapafu ya wafanyakazi wake aulize swali la filta peke yake, wala asidhani cheti hicho kimeshalijibu.

WELL, kinachojikita kwenye afya ya watu waliomo ndani, kinapanga daraja la filta kwa kuangalia uchafu wa hewa ya nje: kadiri wastani wa mwaka wa PM2.5 (chembe za hewani zisizozidi mikromita 2.5) unavyopanda, ndivyo filta inavyotakiwa kuwa kali zaidi.

LEED, cha Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani (USGBC), kina ngazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ngazi ya kwanza ni ya lazima: jengo lazima lifikie kiwango cha chini cha uingizaji hewa kwa mujibu wa ASHRAE 62.1, kanuni ya chama cha wahandisi wa mitambo ya hewa cha Marekani. Kanuni hiyo, katika matoleo ya karibuni, inataka filta ya MERV 8 kabla ya koili yoyote ya kupozea, na MERV 11 kwa hewa ya nje pale ambapo PM2.5 ya eneo inazidi kiwango cha taifa. Ngazi ya pili ni ya pointi, na katika matoleo ya 4 na 4.1 humo ndimo MERV 13 inamokaa. Toleo la 4 linakubali MERV 13 iliyopimwa kwa ASHRAE 52.2 ya 2007, au daraja F7 la kanuni ya Ulaya EN 779 ya 2002. Toleo la 4.1 linakubali MERV 13 kwa ASHRAE 52.2 ya 2017, au ePM1 50% kwa ISO 16890 ya 2016. Yote mawili yanadai pia kwamba filta zote zibadilishwe baada ya ujenzi kwisha na kabla watu hawajahamia. Mradi huhukumiwa kwa toleo uliosajiliwa nalo, kwa hiyo mtu wa manunuzi apewe namba ya toleo pamoja na daraja la filta.

Katika toleo la 4, pointi hiyo ya filta imefungwa pamoja na mambo mengine mawili: mikeka au grili za kukung'utia vumbi kwenye milango inayotumika kila siku, zenye urefu usiopungua mita 3 kwa mwelekeo wa mtu anavyotembea, na hewa ya kunyonywa kutoka vyumba vya mashine za kuchapa, gereji na stoo za kemikali. Mikeka watu huidharau. Vumbi linaloingia na soli za viatu halipiti kwenye filta yoyote, na katika mji wenye barabara za vumbi sehemu kubwa ya uchafu wa sakafuni hupita mlangoni.

Namba ya MERV inatoka wapi

Maabara ya ASHRAE 52.2 hupuliza chembe za chumvi ya kloridi ya potasiamu kuelekea kwenye filta, kisha huzihesabu kabla na baada ya kupita. Chembe zimegawanywa makundi matatu: mikromita 0.3 hadi 1, 1 hadi 3, na 3 hadi 10. Kwa toleo la 2017, filta ya MERV 13 lazima inase angalau asilimia 50 ya kundi la kwanza, 85 ya la pili na 90 ya la tatu. MERV 8 haidaiwi chochote kwenye kundi la kwanza. Inadaiwa asilimia 20 kwenye la pili na 70 kwenye la tatu.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha sharti zima. Mchanga, nyuzi za nguo na vumbi la barabara ya murram ni chembe kubwa, na MERV 8 inazimudu. Masizi ya dizeli, moshi wa mkaa na moshi wa takataka zinazochomwa ni chembe zilizo chini ya mikromita 1, na hizo ndizo zinazoshuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 umeshusha kiwango cha PM2.5 hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Kwa Kampala, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umetandaza vipimo mitaani, na mhandisi anaweza kutumia takwimu hizo kuchagua filta badala ya kukisia.

ISO 16890 inapima jambo lile lile kwa njia tofauti. ePM1 50% ina maana kwamba filta inanasa angalau nusu ya uzito wa chembe zilizo chini ya mikromita 1. Jambo la maana hapa ni kwamba filta hupimwa mara mbili: ikiwa mpya, na baada ya kuondolewa chaji ya umeme tuli kwa mvuke wa isopropanoli. Filta nyingi za nyuzi za plastiki hutoka kiwandani zikiwa na chaji inayovuta chembe ndogo, na chaji hiyo hufifia zikishaanza kazi. Filta ya namna hiyo inaweza kuandikwa MERV 13 siku ya kwanza na kufanya kazi ya daraja la chini baada ya miezi michache. ASHRAE 52.2 ina kipimo cha hiari cha kuondoa chaji, kilichomo kwenye Kiambatisho J, na matokeo yake huandikwa MERV-A. Ushauri wetu ni huu: ukinunua filta za nyuzi za plastiki, dai MERV 13-A au karatasi ya ISO 16890. Ukinunua za nyuzi za kioo, hatari hiyo ni ndogo kwa sababu zinanasa kwa wembamba wa nyuzi zenyewe.

Daraja la F7 lina kasoro yake. EN 779 iliondolewa rasmi mwaka 2018, na toleo lake la 2002 halikuwa na kiwango cha chini cha unasaji. Toleo la 2012 ndilo lililoongeza asilimia 35 kwa F7. Toleo hilo la 2012 lilibadilisha pia majina, F5 ikawa M5 na F6 ikawa M6. Muuzaji anayekuletea F7 leo anauza kwa kipimo kilichostaafu. Muulize karatasi mpya. Na usiwasilishe kwa wakaguzi jedwali la kubadilisha madaraja lililookotwa mtandaoni, kwa sababu vipimo hivi havilingani moja kwa moja. Wasilisha karatasi ya bidhaa yenyewe pamoja na jedwali la mashine linaloonyesha kila mfumo na filta yake.

Hewa ipi inahusika

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea au huokolewa. Sharti linataja mfumo unaoleta hewa ya nje. AC za kaseti zilizo darini, zinazozungusha hewa ile ile ya chumbani, hazileti hewa ya nje, na hakuna anayetarajia zibebe MERV 13; feni zake ni dhaifu mno kwa kazi hiyo. Kinachohusika ni mashine ndogo inayovuta hewa ya nje na kuipeleka vyumbani.

Chukua ofisi ya mita za mraba 1,000. ASHRAE 62.1 inataka lita 2.5 kwa sekunde kwa kila mtu na lita 0.3 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba. Kwa makadirio ya kawaida ya watu 5 kwa mita za mraba 100, watu ni 50: lita 125 za watu na 300 za eneo, jumla lita 425 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 1,530 kwa saa. Filta moja ya ukubwa kamili, milimita 592 kwa 592, hupimwa maabara kwa mita za ujazo 3,400 kwa saa. Kwa hiyo filta moja inatosha ofisi nzima, tena ikifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake.

Ofisi hiyo hiyo ikipozwa na AHU (mashine ya kati ya kuandaa hewa) moja kubwa inayochanganya hewa ya nje na inayorudi, inaweza kuhitaji mita za ujazo 20,400 kwa saa, na yote itapita kwenye filta iliyo baada ya chumba cha kuchanganyia. Hapo unahitaji filta 6 kwa kiwango cha maabara. Eneo la filta 6 ni mita za mraba 2.1, na hewa itapita kwa mita 2.7 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kasi. Ukiweka 8, mwendo unashuka hadi mita 2 kwa sekunde, shinikizo linapungua na filta zinadumu zaidi. Panga 8, hata kama bei ya sanduku itapanda.

Kwa haki, mfumo mkubwa una faida ambayo mfumo wa kaseti hauna: hewa ya ndani hupita kwenye MERV 13 tena na tena, na chembe zinazozaliwa humo ndani, za mashine za kuchapa, za jikoni na za pumzi za watu, hupunguzwa. Ofisi ya kaseti inaweza kupata pointi yake kihalali huku hewa ya ndani ikichujwa na wavu tu. Mwenye jengo aelezwe hilo mapema, kabla hajachagua mfumo.

Feni

Filta ni kizuizi, na kizuizi kinapimwa kwa Pa (paskali, kipimo cha shinikizo). Kwa mfano wa kawaida, filta ya awali ya MERV 8 ikiwa mpya ina Pa 60, na ya MERV 13 ina Pa 90. Zikichafuka, ya kwanza inafika 120 na ya pili 190. Jumla inatoka Pa 150 hadi Pa 310. Feni ichaguliwe kwa 310. Michoro mingi huandika thamani ya filta mpya, au thamani ya kiwandani ya mashine iliyokuja na wavu tu, na kosa hilo halionekani siku ya kuwasha. Linaonekana mwezi wa tatu au wa nne, filta zinapoanza kujaa na hewa inapopungua.

Uzito wa kosa hilo uko hapa: hewa ya nje ikishuka chini ya lita 425 kwa sekunde, jengo limevunja sharti la lazima la uingizaji hewa kwa ajili ya kutafuta pointi ya hiari. Watu watapata usingizi mchana, kabonidayoksaidi itapanda, na fundi atakayeitwa atatoa filta ili hewa ipite. Akishaitoa, kila kitu kilichoandikwa kwenye nyaraka kimekwisha.

Kesi inayojirudia zaidi huku kwetu ni ya feni ndogo ya sanduku iliyofungwa darini, ikivuta hewa ya nje kwenda kwenye AC za kaseti. Feni nyingi za aina hiyo zina shinikizo la ziada la Pa 150 hadi 250 tu, na dakti pamoja na grili zimeshalitumia karibu lote. Hakuna mahali pa kuingiza MERV 13. Suluhisho ni kujenga sanduku la filta lenye mlango kabla ya feni, upana wake ukiwa mkubwa kuliko dakti ili hewa ipungue mwendo, na kubadilisha feni iwe ya injini ya EC (inayoongozwa kielektroniki) inayopanda mzunguko kadiri filta inavyochafuka. Kwenye AHU kubwa kazi hiyo hufanywa na VFD (kifaa cha kubadili kasi ya injini), mradi iongozwe na kipimo cha mtiririko wa hewa. VFD iliyowekwa kwenye mzunguko mmoja tangu siku ya kukabidhi jengo haisaidii chochote.

Gharama ya umeme inahesabika kirahisi: zidisha mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde, shinikizo la wastani kwa Pa, na saa za kazi, kisha gawa kwa ufanisi wa feni uliozidishwa kwa 1,000. Kwa AHU ya mita za ujazo 5.67 kwa sekunde, wastani wa Pa 230, saa 3,000 kwa mwaka na ufanisi wa 0.5, jibu ni karibu kWh 7,800. Kwa mashine ya hewa ya nje pekee, mita za ujazo 0.425 kwa sekunde kwa shinikizo lile lile, ni karibu kWh 590. Ukizidisha namba hizo kwa bei ya umeme ya mji wako, utaona kwamba filta ya bei nafuu yenye ukinzani mkubwa inaweza kukugharimu kwenye bili zaidi ya ulichookoa dukani.

Inawekwa wapi

Mpangilio unaofanya kazi ni luva ya kuingizia hewa, filta ya awali, MERV 13, kisha koili na feni. Wapo wanaoweka MERV 13 baada ya koili ili ikamate kila kitu kabla ya hewa kwenda vyumbani. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja mpangilio huo una hatari. Hewa inayotoka kwenye koili ya kupozea imekaribia kujaa unyevu, na mwendo ukizidi mita 2.5 kwa sekunde matone huruka kutoka kwenye koili na kulowesha filta. Filta iliyolowa, yenye vumbi, gizani, huota ukungu, na harufu yake husambaa kwenye sakafu nzima. Ukilazimika kuiweka upande huo, weka kizuia matone baada ya koili, na filta iwe baada ya feni, ambako hewa imepata joto kidogo.

Luva nayo ina mchango. Ikiwa ndogo, hewa huingia kwa kasi na kuvuta mvua ya masika mpaka kwenye filta ya awali. Nchi za Ghuba huweka luva maalumu za kutenga mchanga, kwa sababu dhoruba moja huweza kuziba filta ya awali.

Halafu kuna jenereta. Hakuna kosa linalotuuma kama luva ya hewa safi kuelekezwa upande wa jenereta kwa sababu huko ndiko kulikuwa na ukuta wazi. Umeme unapokatika, jengo zima huvuta moshi. MERV 13 itanasa sehemu ya masizi, lakini kabonimonoksaidi na dioksaidi ya nitrojeni ni gesi, nazo hupita kwenye filta ya chembe kana kwamba haipo. ASHRAE 62.1 inataka angalau mita 5 kati ya luva na bomba la moshi, mita 5 kutoka mlango wa gereji, na mita 7.5 kutoka mahali pa kupakulia malori, barabara yenye magari mengi, au hewa inayotoka kwenye mnara wa kupozea maji. Hizo ni umbali wa chini kabisa. Kwa jenereta inayofanya kazi saa nyingi kwa wiki, nenda mbali zaidi na uangalie upepo wa eneo.

Upenyo pembeni mwa filta

Tukipewa dakika tano tu ndani ya AHU, tutaangalia fremu kabla ya filta. Hewa hufuata njia rahisi. Filta inayonasa asilimia 85 ikiwa na upenyo unaopitisha asilimia 10 ya hewa, inakuwa ya asilimia 76.5. Na kadiri filta inavyochafuka, kizuizi chake huongezeka, kwa hiyo hewa inayokimbilia kwenye upenyo huongezeka pia. Mfumo unaharibika polepole bila kelele.

Sehemu za kuangalia ni chache na zote zinaguswa kwa mkono. Gasketi iwe imezunguka pande zote nne, bila pengo kwenye kona, na iwe imebanwa. Ikiwa unaweza kupitisha karatasi kati ya filta na fremu, haijabanwa. Klipu ziwe nne kwa kila filta, na zote ziwepo, maana mafundi hupoteza mbili kwenye badiliko la kwanza na kuendelea na zilizobaki. Kwenye mashine ambazo filta husukumwa kutoka ubavuni kwa reli, filta hugusana zenyewe kwa zenyewe, na pengo la mwisho karibu na mlango huachwa wazi. Hapo weka kipande cha bati chenye gasketi, kilichokatwa kwa kipimo, na kiandikwe "kisitolewe". Filta za mifuko zifungwe mifuko ikiwa imesimama wima. Zikilazwa, mifuko huinama, hugusana na kufunga nusu ya eneo lake. Mshale wa mwelekeo wa hewa uelekee kule hewa inakokwenda.

Kipimo rahisi: zima mashine, fungua pande zote mbili za filta, mmoja awashe tochi upande wa nje na mwingine asimame upande wa feni kwenye giza. Mwanga unaopita pembeni ni njia ya hewa. Kwa mashine iliyokwisha kufanya kazi, michirizi ya vumbi kwenye chuma nyuma ya fremu inakuonyesha mahali halisi hewa ilikovuja.

Wakati wa ujenzi

Hatua hii hushindwa zaidi kwa haraka kuliko kwa kutojua. Wachoraji rangi wanataka hewa, waweka mazulia wanataka baridi, na AHU huwashwa jengo likiwa bado na vumbi la jipsamu. LEED inakubali mashine za kudumu kutumika wakati wa ujenzi ikiwa tu kila grili na kila mdomo wa dakti unaorudisha hewa una filta ya MERV 8 (F5 kwa EN 779 ya 2002), iliyofungwa bila upenyo. Ushauri wetu ni kutoziwasha kabisa. Funga midomo ya dakti kwa plastiki tangu zinapofika, na kodi feni za muda.

Baada ya usafi wa mwisho, weka filta mpya. Anayechagua kusafisha jengo kwa hewa badala ya kupima hewa maabara afanye hesabu kwanza. Toleo la 4 linataka lita 4,267,140 za hewa ya nje kwa kila mita ya mraba, kwa joto la kati ya nyuzi 15 na 27 na unyevu usiozidi asilimia 60. Ofisi yetu ya mfano ina lita 0.425 kwa sekunde kwa mita ya mraba. Itachukua saa 2,790 hivi, karibu siku 116 mfululizo. Mwenye jengo hawezi kusubiri, na pwani unyevu wa asilimia 60 hauji bila koili kufanya kazi muda wote. Ndiyo maana miradi yenye mashine ndogo za hewa ya nje huchagua kupima hewa, ambako kwenye toleo hilo kuna pointi 2 badala ya 1.

Matengenezo baada ya kukabidhiwa

Kitu kinachoharibu filta nyingi za MERV 13 kuliko vumbi ni maji. Fundi aliyezoea wavu wa AC ya nyumbani huichomoa filta ya mifuko, huipuliza kwa kompresa au huiosha kwa mpira wa maji, huianika juani na kuirudisha. Kwa macho inaonekana safi. Nyuzi zimeshafunguka, chaji imeondoka, gundi ya mikunjo imelegea, na chembe za chini ya mikromita 1 zinapita. Filta hizi hazioshwi. Iandikwe kwenye mlango wa mashine, kwa Kiswahili, mahali fundi atakapoona kabla ya kushika klipu.

Kubadilisha kwa kalenda peke yake ni kukisia. Weka manomita (kifaa cha kupima shinikizo) ya Pa 0 hadi 500 kwenye kila hatua ya filta, tundu moja kabla na moja baada, na siku ya kukabidhi jengo andika kwa kalamu ya kudumu thamani ya filta mpya na ya mwisho. Kanuni nzuri kwa MERV 13 ni kubadilisha shinikizo linapoongezeka kwa Pa 100 juu ya thamani ya filta mpya, au linapofika mara tatu ya thamani hiyo, lolote litakalotangulia. Kwa filta ya awali, ongezeko la Pa 50 linatosha. Soma kipimo feni ikiwa kwenye mtiririko ule ule kila mara. VFD ikiwa imeshushwa, manomita itasoma chini na filta chafu itaonekana nzima. Na hata kama kipimo hakijapanda, filta iliyolowa, iliyochanika au yenye harufu itolewe.

Filta nyingi za daraja hili huagizwa kutoka nje, na meli haina haraka na ratiba yako. Weka stoo seti moja kamili ya MERV 13 na mbili za filta ya awali, zikiwa zimesimama kwenye maboksi yake, pakavu. Jengo lisilo na akiba huishia kuweka MERV 8 "kwa muda", na muda huo hurefuka.

Siku ya kubadilisha, zima feni kwanza, fundi avae barakoa na glavu, na filta chafu iingizwe kwenye mfuko palepale kwenye mashine kabla ya kupitishwa kwenye korido. Futa sakafu ya sanduku kwa kitambaa chenye maji. Angalia gasketi, rudisha klipu zote, andika tarehe kwenye fremu ya filta mpya. Washa, subiri mtiririko utulie, kisha soma manomita. Ikisoma karibu na thamani iliyoandikwa siku ya kukabidhi, funga mlango. Ikisoma chini zaidi ya hapo kwa mtiririko ule ule, usifurahi: kuna filta iliyochanika, klipu iliyosahaulika au kipande cha bati kilichobaki sakafuni. Zima tena ukitafute.